Majibu kwa Wasomaji: Dini, Jinsia na Mapenzi katika Historia ya Marekani

Katika toleo lililopita niliandika juu ya wanahistoria wanaochunguza jinsi dini, jinsia na mapenzi vilivyofungamana nchini Marekani kuanzia mwisho wa karne ya 19 hadi leo. Nilidai kwamba ugomvi mkubwa wa Wamarekani juu ya mambo haya haukuwa kati ya wenye dini na wasio na dini, bali kati ya waumini na waumini, mara nyingi ndani ya kanisa moja. Barua zilizofika ni nyingi kuliko nafasi niliyopewa, kwa hiyo nimechagua zile zilizonilazimisha kurudi kwenye vitabu.

SWALI: Ndugu mwandishi, nimesoma makala yako mara mbili na bado sijaridhika. Kwa nini msomi mwenye heshima zake aache vita, uchaguzi na uchumi, ambavyo ndivyo historia, akachunguze mambo ya chumbani ambayo watu wazima huyasitiri?

JIBU: Swali lako ni la haki, na nitaanza na maneno yenyewe. Wataalamu wa Kiswahili hutofautisha jinsi, yaani hali ya kimwili ya kuwa mume au mke, na jinsia, yaani yale ambayo jamii humtarajia mtu ayafanye au ayaache kwa sababu ni mwanamume au mwanamke. Mwanahistoria wa fani hii hachungulii chumba cha mtu. Anachouliza ni nani aliyetunga sheria juu ya chumba hicho, kwa hoja gani, na kwa kutumia aya ipi ya Maandiko.

Nchini Marekani mambo hayo yalitolewa chumbani kwa nguvu ya sheria zamani sana. Mwaka 1873 Bunge lilipitisha sheria iliyokuja kujulikana kwa jina la Anthony Comstock, Mprotestanti mwenye imani kali aliyeungwa mkono na viongozi wa Chama cha Vijana Wakristo cha New York. Sheria hiyo iliweka picha chafu, dawa na vifaa vya kuzuia mimba, pamoja na maandishi yoyote yanayoeleza namna ya kuizuia, katika kapu moja, ikapiga marufuku vyote hivyo kupita posta. Comstock mwenyewe alipewa mamlaka ya mkaguzi wa posta, na akaitumia kazi hiyo kwa zaidi ya miaka 40 kuwakamata watu. Barua ya daktari kwa mgonjwa wake ikawa inaweza kugeuka kielelezo mahakamani. Sasa niambie, msomaji wangu, mwanahistoria wa siasa ataielezaje serikali hiyo bila kugusa mlango wa chumba ambao serikali yenyewe iliufungua?

SWALI: Siku zote nimeamini kwamba kukataa uzazi wa mpango ni fundisho la Wakatoliki peke yao, na kwamba Waprotestanti waliukubali tangu mwanzo. Makala yako yamenichanganya. Naomba ufafanuzi.

JIBU: Ninafurahi kwamba umechanganyikiwa, kwa sababu hapa ndipo historia inapokataa kabisa kufuata kumbukumbu zetu. Comstock alikuwa Mprotestanti, na sheria za majimbo zilizofuata ile yake zilitungwa na mabunge yaliyotawaliwa na Waprotestanti. Ile ya Connecticut, ya mwaka 1879, ilikwenda mbali kuliko nyingine zote, kwani ilimhesabu kuwa na hatia hata mtu aliyetumia kizuizi cha mimba, si yule aliyekiuza tu. Hadi mwaka 1930 hapakuwa na kanisa kubwa la Kikristo lililokuwa limetamka rasmi kwamba jambo hilo linaruhusiwa.

Wakati huo huo, watu walikuwa wanateseka. Margaret Sanger, muuguzi, alizaliwa na mama Mkatoliki aliyeshika mimba 18, akajifungua watoto 11 waliokuwa hai, kisha akafa akiwa na umri wa miaka ipatayo 50. Tarehe 16 Oktoba 1916 Sanger alifungua kliniki katika mtaa wa Brownsville, Brooklyn, pamoja na dada yake Ethel Byrne na mwenzao Fania Mindell. Vipeperushi vyao vilichapwa kwa Kiingereza, Kiyidi na Kiitaliano, maana waliolengwa walikuwa wahamiaji maskini, Wayahudi na Wakatoliki. Polisi walifika baada ya siku kama kumi, na mwaka uliofuata Sanger akatumikia kifungo cha siku 30.

Mabadiliko yalipokuja, yalitokea ndani ya makanisa. Mwaka 1930 maaskofu wa Kianglikana waliokutana Lambeth, London, walikubali kwa tahadhari kwamba wanandoa wenye sababu nzito wangeweza kuzuia mimba kwa njia za kitabibu. Tarehe 31 Desemba mwaka huo huo Papa Pius XI akatoa waraka wa kulikataa jambo hilo moja kwa moja. Miezi michache baadaye, mwaka 1931, kamati ya Baraza la Makanisa ya Kiprotestanti nchini Marekani ikafuata njia ya Waanglikana, na manung'uniko ndani ya makanisa hayo yakawa makali. Kwa hiyo mpaka uliodhani ni wa kale, kati ya Mkatoliki anayekataa na Mprotestanti anayekubali, ulichorwa katika muda usiotimia miezi tisa. Na baada ya hapo ikatokea jambo ambalo kila ninapolifundisha wanafunzi huniomba nilirudie: sheria zilizotungwa na Waprotestanti zikawa sasa zinalindwa na maaskofu Wakatoliki, huku wajukuu wa kiroho wa watunzi wake wakidai zifutwe. Ya Connecticut ilidumu hadi tarehe 7 Juni 1965. Estelle Griswold na Dkt. Lee Buxton walikuwa wamefungua kliniki mjini New Haven mwaka 1961 kwa makusudi ya kushtakiwa, wakatozwa faini ya dola 100 kila mmoja, wakakata rufaa hadi Mahakama ya Juu, ambayo iliifuta sheria hiyo kwa kura saba dhidi ya mbili.

Lakini nisikuache ukidhani kwamba upande mmoja ulikuwa wa nuru na mwingine wa giza. Sanger alishirikiana na watu walioamini kwamba baadhi ya binadamu hawastahili kuzaa, na imani hiyo iliungwa mkono na wachungaji wengi Waprotestanti waliojiona wa kisasa. Mwaka 1927 Mahakama ya Juu iliruhusu jimbo la Virginia kumfunga kizazi kwa nguvu msichana maskini aliyeitwa Carrie Buck. Majaji wanane walikubali. Mmoja tu alikataa, Pierce Butler, naye alikuwa Mkatoliki. Waraka ule ule wa Papa wa mwaka 1930, ambao ukiusoma leo unaweza kuuona wa kuwabana wanawake, ndio uliolaani serikali kuwafunga watu kizazi. Anayeisoma historia hii akitafuta shujaa wa kumpigia makofi toka mwanzo hadi mwisho atachoka kutafuta, na mimi ninaona kuchoka huko ni mwanzo mzuri wa kuelewa.

Kuhusu vidonge, nitakuwa mfupi. Viliidhinishwa Marekani kwa ajili ya kuzuia mimba mwaka 1960, na mmoja wa madaktari waliofanikisha majaribio yake alikuwa John Rock wa Boston, Mkatoliki aliyehudhuria misa kila siku na aliyetumaini kwamba Kanisa lake lingevikubali. Wengi katika tume iliyoshauri Vatikani walipendekeza fundisho libadilike. Papa Paulo VI, mwaka 1968, aliamua lisibadilike, na Wakatoliki wa Marekani kwa mamilioni wakabaki katika Kanisa lao huku wakitumia vidonge hivyo. Kwangu mimi, mamilioni hao walionyamaza wana uzito mkubwa katika historia ya dini kuliko waraka wenyewe, ingawa ni vigumu zaidi kuwaandika.

SWALI: Mwalimu wetu alitufundisha kwamba Wakristo wahafidhina wa Marekani waliingia siasani kwa hasira ya hukumu ya mwaka 1973 iliyoruhusu utoaji mimba. Je, ni kweli?

JIBU: Ni kweli nusu, na nusu iliyobaki ndiyo yenye mafunzo. Turudi mwaka 1971, mjini St. Louis. Mkutano wa Wabaptisti wa Kusini, kanisa ambalo leo ni nguzo ya upinzani dhidi ya utoaji mimba, ulipitisha azimio la kuwataka waumini wake wafanye kazi ili sheria iruhusu utoaji mimba panapokuwa na ubakaji, zinaa ya maharimu, ulemavu mkubwa wa kijusi, au hatari kwa afya ya mama, ya mwili, ya akili na hata ya hisia. Miaka minne kabla ya hapo, Ronald Reagan, gavana wa California, alikuwa ametia sahihi sheria ya kulegeza masharti ya utoaji mimba katika jimbo lake. Na mwaka 1967 huo huo, mchungaji Howard Moody wa Kanisa la Judson Memorial mjini New York aliwakusanya wachungaji na marabi (viongozi wa dini ya Kiyahudi) 21, wakatangaza hadharani kwamba mwanamke mwenye mimba asiyoitaka awapigie simu, nao watamwelekeza kwa daktari asiyemdhuru. Mtandao wao ulienea katika majimbo mengi. Hao walikuwa watu wa dini, wakivunja sheria kwa jina la dini.

Waliokuwa wakipinga utoaji mimba kwa mpangilio siku hizo walikuwa hasa Wakatoliki, ambao maaskofu wao walikuwa wameanza kuunda chombo cha kitaifa cha kazi hiyo mwaka 1968. Wabaptisti wengi waliliona jambo hilo kuwa la Wakatoliki. Ilifika mwaka 1980 ndipo mkutano wao ulipogeuka kabisa na kudai marekebisho ya Katiba ya kupiga marufuku utoaji mimba isipokuwa kuokoa uhai wa mama.

Nini kilitokea katikati? Hapa wanahistoria wanabishana, na ubishi wao ni mzito. Wako wanaoonesha shule. Mwaka 1971 mahakama iliamua kwamba shule binafsi zinazobagua kwa rangi hazistahili msamaha wa kodi, na mwaka 1976 Chuo Kikuu cha Bob Jones, South Carolina, chuo cha Kikristo kilichowakataza wanafunzi wa rangi tofauti kuchumbiana, kikavuliwa msamaha huo. Hasira dhidi ya mamlaka ya kodi, wanasema, ndiyo iliyowatoa wachungaji mimbarani na kuwaingiza katika siasa. Wengine wanawaonesha wanawake. Bunge lilipopitisha, Machi 1972, rekebisho la Katiba la usawa wa haki kati ya wanaume na wanawake, ilionekana litaridhiwa haraka. Phyllis Schlafly, Mkatoliki wa Alton, Illinois, mama wa watoto sita, akaanzisha kampeni ya kulizuia, na akawaweka bega kwa bega Wakatoliki, Wamormoni na Wabaptisti ambao mababu zao wasingekubali hata kusali pamoja. Majimbo 38 yalihitajika. Yaliyoridhia yakakwama kwenye 35, na muda ukaisha tarehe 30 Juni 1982. Mwaka 1977, wakati wanawake walipokutana mjini Houston katika mkutano wa kitaifa uliogharimiwa na serikali, Schlafly na wenzake waliitisha mkutano wao katika mji huo huo, siku hizo hizo. Kote kuwili kulikuwa na wanawake waliokuwa wakisali.

Jerry Falwell, mchungaji wa Kibaptisti wa Lynchburg, Virginia, alipoanzisha jumuiya ya Moral Majority mwaka 1979, alizikuta kuni zimekwisha kusanywa: shule, usawa wa kijinsia, ushoga, utoaji mimba. Ninavyoona mimi, anayechagua ukuni mmoja na kuuita moto mzima anakosea. Utoaji mimba ulikuja kuwa alama iliyowaunganisha watu ambao kila mmoja alikuwa na hasira yake, na hukumu ya Juni 2022 iliyofuta ile ya mwaka 1973 ni tunda la muungano huo wa miaka arobaini na zaidi. Mwalimu wako hakukudanganya. Alikufundisha kumbukumbu ambayo wahusika wenyewe walikuja kuwa nayo baadaye.

SWALI: Rangi inahusianaje na haya yote? Umeitaja mara moja tu.

JIBU: Nimekosea kuitaja mara moja tu, na ninakushukuru kwa kunisahihisha. Hofu kubwa ya kimapenzi katika historia ya Marekani, kwa karne kadhaa, ilikuwa ndoa kati ya Mweusi na Mweupe, na ilihubiriwa kwa Biblia. Mwaka 1958 Richard Loving, Mweupe, na Mildred, mwenye asili ya Kiafrika na ya Wenyeji wa Marekani, walioana Washington, kisha wakakamatwa usiku nyumbani kwao Virginia. Walihukumiwa kifungo cha mwaka mmoja ambacho kingesitishwa iwapo wangelihama jimbo kwa miaka 25. Jaji aliyekataa kubatilisha adhabu hiyo mwaka 1965 aliandika kwamba Mwenyezi Mungu aliumba rangi za watu na kuziweka katika mabara mbalimbali, na kwamba kutenganisha huko kunaonesha hakukusudia zichanganyike. Mahakama ya Juu ilimkatalia kwa kauli moja tarehe 12 Juni 1967.

Lakini tazama pia California mwaka 1948. Andrea Perez na Sylvester Davis, Wakatoliki wote wawili, mmoja akihesabiwa Mweupe kwa kuwa wa asili ya Kimeksiko na mwingine Mweusi, walinyimwa kibali cha ndoa. Wakili wao alijenga hoja juu ya uhuru wa dini: Kanisa letu, alisema, halioni kizuizi chochote kati ya watu hawa wawili, basi serikali inatunyima sakramenti. Walishinda kwa kura nne dhidi ya tatu, miaka 19 kabla ya akina Loving. Maandiko yale yale, pande mbili za mahakama.

SWALI: Mbona unazungumzia Ukristo tu?

JIBU: Kwa sababu ndio uliotunga sheria. Hata hivyo mjadala uligusa kila dini iliyoota mizizi huko. Sally Priesand, mwanamke, aliwekwa kuwa rabi mjini Cincinnati mwaka 1972, na tarehe 18 Machi 2005 Amina Wadud, profesa wa taaluma za Kiislamu, aliongoza mjini New York sala ya Ijumaa ya wanaume na wanawake pamoja, katika jengo la kanisa la Kianglikana, jambo lililopingwa na wanazuoni wengi duniani na kuzua maandishi ya fikihi, yaani elimu ya sheria za Kiislamu, ambayo yenyewe yanastahili mwanahistoria wake.

SWALI: Umedai kwamba jinsia, mapenzi na dini havitenganishiki. Je, unaweza kunionesha mtu mmoja, si sheria wala mikutano, ambaye ndani ya maisha yake vyote vitatu vinaonekana?

JIBU: Ninaweza, na ningetamani ningepewa kurasa zote za jarida hili kwa ajili ya mtu huyo. Pauli Murray alizaliwa Baltimore mwaka 1910, akalelewa Durham, North Carolina. Mwaka 1938 aliomba kusoma Chuo Kikuu cha North Carolina, akakataliwa kwa kuwa ni Mweusi. Mwaka 1944 alitaka kuendelea na masomo ya sheria Harvard, akakataliwa kwa kuwa ni mwanamke. Alikuwa miongoni mwa wanasheria wa kwanza kusema kwamba ubaguzi wa rangi na ubaguzi wa jinsia hutumia hoja zinazofanana, na mwaka 1966 alishiriki kuunda Shirika la Kitaifa la Wanawake.

Nyaraka zake zimehifadhiwa katika Maktaba ya Schlesinger, Harvard. Humo mna jambo ambalo hakulisema hadharani maishani mwake: kwamba aliwapenda wanawake, kwamba katika miaka ya 1930 na 1940 aliwaendea madaktari akiwaambia anajihisi kuwa mwanamume, na kwamba aliomba tiba ya homoni, wakamnyima. Wanahistoria wanaoandika kwa Kiingereza wanabishana hadi leo ni kiwakilishi kipi kimfae, cha kike, cha kiume au kingine. Kiswahili kinaniepusha na uamuzi huo, kwani nikisema yeye nimemtaja kwa ukamilifu, na ninakiri kwamba ninaipenda lugha yangu zaidi kila ninapoandika habari zake.

Mwaka 1973 mwenzi wake wa miaka mingi, Irene Barlow, alifariki dunia. Murray, akiwa na umri wa miaka 62, aliacha kazi ya uprofesa akaingia seminari ya Kanisa la Episkopali, yaani Waanglikana wa Marekani, kanisa ambalo wakati huo lilikuwa halimruhusu mwanamke yeyote kuwa kasisi. Julai 1974 wanawake 11 waliwekwa wakfu Philadelphia bila idhini, kukawa na mtafaruku mkubwa, na mwaka 1976 Kanisa likabadilisha kanuni zake. Tarehe 8 Januari 1977, katika Kanisa Kuu la Washington, Murray alipewa ukasisi, wa kwanza miongoni mwa wanawake Weusi wa Kanisa hilo.

Mwezi uliofuata alikwenda Chapel Hill, kwenye kanisa dogo la Chapel of the Cross, kuadhimisha Ekaristi yake ya kwanza. Katika kanisa hilo, mwaka 1854, bibi yake aitwaye Cornelia alibatizwa akiwa mtoto, akaandikwa katika daftari la ubatizo miongoni mwa watumishi wa Mary Ruffin Smith, maana alikuwa mtumwa. Murray alisoma Injili siku hiyo kutoka katika Biblia ya Cornelia.